Asili ya Ukristo: Historia inathibitisha nini, na inaishia wapi?

MJADALA kuhusu chimbuko la Ukristo ni wa karne nyingi, lakini katika miaka ya karibuni umepata nguvu mpya. Mwaka 2025 makanisa katika sehemu mbalimbali za dunia yaliadhimisha miaka 1,700 tangu kufanyika kwa Mtaguso wa Nikea, katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2024, wataalamu wa Ujerumani walitangaza kuwa wamefanikiwa kusoma maandishi yaliyofichika ndani ya hirizi ya fedha, iliyofukuliwa mwaka 2018 katika makaburi ya kale mjini Frankfurt. Maandishi hayo yanamtaja Yesu Kristo na yanakadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 230 na 270 baada ya Kristo (BK).

Kila habari ya namna hiyo inapotangazwa, kambi mbili hujitokeza haraka. Ya kwanza hudai kuwa sasa kila kilichoandikwa katika Biblia kimethibitishwa. Ya pili hujibu kuwa Yesu wa Nazareti hakuwahi kuishi, na kwamba dini yote ilitungwa na watawala wa Roma kwa maslahi yao.

Wanahistoria walio wengi, wakiwamo wasio na dini yoyote, hawamo katika kambi hizo. Kwa mtazamo wao, kosa la pande zote mbili ni moja: kuuliza kama ushahidi upo au haupo, bila kwanza kusema ni ushahidi wa jambo gani.

Ndani ya swali hilo moja yamo maswali matatu. La kwanza: Je, aliishi mtu aitwaye Yesu, akafundisha Galilaya na kuuawa na Warumi? La pili: Wafuasi wake wa mwanzo waliamini nini juu yake, na tangu lini? La tatu: Je, hayo waliyoyaamini, hususan ufufuko, yalitokea kweli?

Kwa swali la kwanza, ushahidi ni mchache lakini unatosha. Kwa la pili, ushahidi ni mwingi kuliko watu wengi wanavyodhani, na hapo ndipo mabishano makali ya kitaaluma yalipo. Swali la tatu linavuka uwezo wa vyombo vya mwanahistoria. Anayechanganya maswali haya hujikuta akitumia jiwe au kipande cha karatasi ya kale kuthibitisha jambo ambalo hakiwezi kulithibitisha.

Barua kabla ya Injili

Wasomaji wengi wa Agano Jipya huanza na Injili ya Mathayo, na kwa hiyo hudhani kuwa ndiyo maandishi ya kwanza ya Kikristo. Ukweli ni kuwa maandishi ya kale zaidi ni barua za Mtume Paulo. Kati ya nyaraka 13 zenye jina lake, saba zinakubaliwa na takriban wataalamu wote kuwa aliziandika mwenyewe: Warumi, Wakorintho ya kwanza na ya pili, Wagalatia, Wafilipi, Wathesalonike ya kwanza, na Filemoni. Zinakadiriwa kuwa za kati ya mwaka 50 na 60 BK.

Makadirio hayo hayakutoka hewani. Mojawapo ya nguzo zake ni maandishi yaliyochongwa katika jiwe huko Delphi, Ugiriki, ambayo vipande vyake vilianza kuchapishwa mwaka 1905. Ni barua ya Kaisari Klaudio, na ndani yake anatajwa Galio, liwali wa Akaya. Kutokana na hesabu ya miaka ya Kaisari iliyomo humo, wataalamu wamekisia kuwa Galio alishika wadhifa huo mnamo mwaka 51 hadi 52. Kitabu cha Matendo ya Mitume nacho kinasema Paulo alishitakiwa mbele ya Galio mjini Korintho. Kwa namna hiyo safari za Paulo zikapata mahali pa kufungwa katika kalenda ya dunia.

Umuhimu wa Paulo kwa mwanahistoria ni kuwa aliwafahamu watu waliomfahamu Yesu. Katika Waraka kwa Wagalatia anaeleza kuwa alikwenda Yerusalemu akakaa na Kefa, yaani Petro, kwa siku 15, na kwamba alimwona pia Yakobo, anayemwita ndugu yake Bwana. Katika barua hiyo hiyo anasimulia jinsi alivyogombana na Petro hadharani mjini Antiokia.

Kwa wanahistoria, habari kama hizo zina uzito kwa sababu hazikuandikwa ili kuthibitisha kuwa Yesu aliishi. Paulo alikuwa akitetea heshima yake mwenyewe mbele ya wapinzani. Ni vigumu kueleza ugomvi wake na watu wa familia na marafiki wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Hata hivyo, barua hizo zina upungufu. Paulo hakumfuata Yesu alipokuwa hai, na anasema machache sana kuhusu maisha na mafundisho yake. Injili zilikuja baadaye. Ile ya Marko inakadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 70, wakati Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Za Mathayo na Luka mnamo miaka ya 80 hadi 90, na ya Yohana kuelekea mwisho wa karne. Kati ya kifo cha Yesu, kinachokadiriwa kuwa mwaka 30 au 33, na Injili ya kwanza kuna pengo la takriban miaka 40.

Mashahidi wasio Wakristo

Nje ya Biblia, majina yanayotajwa mara kwa mara ni matatu: Tacitus, Josephus na Pliny.

Tacitus alikuwa seneta wa Roma na mwanahistoria. Katika kitabu chake kuhusu makaisari, alichokiandika mnamo mwaka 116, anasimulia moto ulioteketeza Roma mwaka 64 na jinsi Kaisari Nero alivyowasingizia Wakristo. Akieleza jina lao limetoka wapi, anasema Kristo aliuawa wakati wa utawala wa Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Tacitus hakuwapenda Wakristo na aliiona imani yao kuwa upotofu wenye madhara. Kwa sababu hiyo, ni vigumu kudai kuwa maneno hayo yalipachikwa na mnakili Mkristo.

Lakini hata shahidi huyo hupimwa. Aliandika zaidi ya miaka 80 baada ya tukio, na hasemi habari hizo alizipata wapi. Huenda alizisikia kwa Wakristo wenyewe. Aidha, anampa Pilato cheo kilichotumika zama za baadaye. Hilo lilidhihirika mwaka 1961, wakati wachimbuaji kutoka Italia walipolikuta jiwe lenye jina la Pilato katika magofu ya Kaisaria, kwenye pwani ya Israeli. Jiwe hilo lilikuwa limetumiwa tena katika ngazi za ukumbi wa maonyesho, na cheo kilichochongwa humo si kile alichokiandika Tacitus.

Josephus anazua ubishi mkubwa zaidi. Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Yerusalemu mnamo mwaka 37, akawa kamanda katika vita dhidi ya Roma, kisha akajisalimisha na kuishi Roma chini ya ulinzi wa makaisari. Katika kitabu chake cha historia ya Wayahudi, kilichokamilika mwaka 93 au 94, Yesu anatajwa mara mbili.

Mahali pa kwanza pana maneno ya sifa ambayo Mwumini wa Kikristo tu ndiye angeweza kuyaandika, yakiwamo kwamba Yesu ndiye Kristo. Lakini Origenes, mwanazuoni wa Kikristo wa karne ya tatu, aliandika kuwa Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Kwa hiyo wataalamu walio wengi wanaona kuwa Josephus aliandika jambo fulani kuhusu Yesu, kisha wanakili Wakristo wakaongeza chumvi. Wachache wanadai kifungu chote ni nyongeza. Mwaka 1971 mtaalamu Shlomo Pines alichapisha utafiti kuhusu toleo la Kiarabu la kifungu hicho, lililohifadhiwa na Askofu Agapius wa karne ya 10, ambalo maneno yake yana kiasi zaidi.

Mahali pa pili hapana mabishano mengi. Josephus anaeleza jinsi Kuhani Mkuu Ananus, mwaka 62, alivyotumia mwanya wa kutokuwapo kwa liwali wa Kirumi kuamuru Yakobo apigwe mawe. Ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, anamtambulisha kama ndugu ya Yesu anayeitwa Kristo. Yakobo huyo ndiye yule ambaye Paulo alimwona Yerusalemu. Waandishi wawili wasiotegemeana wanamtaja mtu mmoja kwa undugu ule ule.

Pliny, kwa upande wake, hatoi habari za maisha ya Yesu. Alikuwa liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, na mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan akiomba mwongozo wa namna ya kuwahukumu Wakristo. Alieleza kuwa aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika kanisa ili kupata ukweli, na akabaini kuwa watu hao hukusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Barua hiyo ni ushahidi wa swali la pili, si la kwanza.

Hoja ya ukimya

Wanaopinga kuwapo kwa Yesu hutoa hoja inayosikika kuwa na nguvu: Kama alikuwa mtu mashuhuri, mbona hakuna hata andiko moja la Kirumi kutoka siku zake linalomtaja?

Hoja hiyo si ngeni. Mwanazuoni wa Kijerumani Bruno Bauer aliitetea katika karne ya 19, na mwenzake Arthur Drews akaifanya maarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1909. Katika miaka ya karibuni imeelezwa kwa urefu na Mmarekani Richard Carrier katika kitabu cha mwaka 2014.

Jibu la wanahistoria huanza na Pilato mwenyewe. Huyu alitawala Uyahudi kwa takriban miaka 10, kuanzia mwaka 26 hadi 36. Aliamuru watu wauawe, alitoa sarafu, na bila shaka alituma taarifa nyingi Roma. Hata hivyo, taarifa zake zote zimepotea. Kilichobaki kutoka siku zake ni lile jiwe la Kaisaria, sarafu na masalia machache, pamoja na kutajwa na waandishi wengine. Ikiwa liwali ameacha alama chache kiasi hicho, haishangazi kuwa fundi wa kijijini hakuacha yoyote.

Hoja nyingine ilikuwa kwamba Nazareti haikuwapo katika karne ya kwanza. Desemba 2009 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilitangaza kupatikana kwa mabaki ya nyumba ya zama hizo katika mji huo. Nyumba hiyo haithibitishi kuwa Yesu aliingia humo. Inathibitisha tu kuwa palikuwa na makazi.

Vivyo hivyo, mwaka 1968 huko Giv'at ha-Mivtar, kaskazini mwa Yerusalemu, ulipatikana mfupa wa kisigino uliopenywa na msumari wa chuma, wa mtu aliyesulubiwa katika karne ya kwanza. Ulikuwa umehifadhiwa katika sanduku la mifupa, ndani ya kaburi la familia. Mtu huyo hakuwa Yesu. Jina lililochongwa ni Yehohanan. Lakini ugunduzi huo uliwajibu waliodai kuwa aliyesulubiwa hangeweza kupewa maziko.

Mtaalamu wa Agano Jipya wa Marekani, Bart Ehrman, ambaye si mwumini, aliandika kitabu mwaka 2012 kuwajibu wanaokana kuwapo kwa Yesu. Msimamo wake kwamba Yesu aliishi ndio wa wataalamu walio wengi. Sababu mojawapo ni msalaba wenyewe. Wayahudi wa wakati huo hawakumtazamia Masihi atakayeuawa kwa adhabu ya watumwa na waasi. Paulo anakiri kuwa habari hiyo ilikuwa kikwazo kwa wasikilizaji. Mtu anayetunga dini ili kuvuta watu hangeanza na aibu ya namna hiyo.

Mafunjo kutoka mchanga wa Misri

Upande wa waumini nao una hoja inayohitaji kupimwa. Husemwa kuwa Agano Jipya lina nakala zaidi ya 5,000 za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, na kwamba hakuna kitabu cha kale kinachoukaribia wingi huo. Idadi hiyo ni kweli. Lakini nyingi ya nakala hizo ni za karne ya tisa na kuendelea. Aidha, wingi wa nakala husaidia kujua mwandishi aliandika nini. Hauthibitishi kuwa alichokiandika kilitokea.

Nakala za mwanzo kabisa ni vipande vya mafunjo, na karibu vyote vilihifadhiwa na ukavu wa mchanga wa Misri. Maarufu kuliko vyote ni kile kiitwacho P52, kilichomo katika Maktaba ya John Rylands mjini Manchester, Uingereza. Kina ukubwa wa takriban sentimita tisa kwa sita, na kina maneno ya sura ya 18 ya Injili ya Yohana, pale Yesu anaposimama mbele ya Pilato.

Kilipochapishwa mwaka 1935, mtaalamu Colin Roberts alikikadiria kuwa cha nusu ya kwanza ya karne ya pili. Kwa miongo mingi wahubiri na hata vitabu vya kiada vilitaja mwaka 125 kana kwamba uliandikwa juu yake. Mwaka 2005 Brent Nongbri alionyesha kuwa makadirio hayo yanategemea mwandiko tu, na kwamba miandiko ya aina hiyo iliendelea kutumika hadi mwisho wa karne ya pili, au hata mwanzoni mwa ya tatu. Kipande hicho bado kina thamani kubwa, ila hakiwezi kubeba mzigo wa tarehe kamili.

Fedha na udanganyifu

Pale watu wanapotamani sana uthibitisho, hawakosekani watu wa kuwauzia. Mfano wa kwanza ni sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa lililotangazwa Oktoba 2002, likiwa na maandishi ya Kiaramu yanayomtaja Yakobo mwana wa Yusufu, ndugu ya Yesu. Mwaka 2003 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilisema maandishi hayo, au sehemu yake, yalighushiwa. Kesi iliyofuata ilidumu hadi Machi 2012, ambapo mshitakiwa aliachiwa kwa mashitaka ya kughushi. Jaji alisisitiza kuwa uamuzi wake haumaanishi kwamba maandishi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba sanduku hilo lilitoka sokoni, si katika uchimbaji wa kitaalamu. Hakuna anayeweza kuonyesha kaburi lilipotoka.

Mfano wa pili ulitoka Chuo Kikuu cha Harvard. Septemba 2012 Profesa Karen King alitangaza kipande cha mafunjo cha Kikoptiki ambacho ndani yake Yesu anataja mke wake. Habari hiyo ilienea duniani kote kwa siku chache. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alifuatilia mtu aliyekitoa kipande hicho na historia ya umiliki wake, na baada ya uchunguzi wake kuchapishwa, King mwenyewe alikiri kuwa uwezekano mkubwa ni kuwa kilighushiwa. Haukuwa uchunguzi wa wino ulioamua suala hilo. Mafunjo yalikuwa ya kale kweli. Ni maneno yaliyokuwa mapya.

Mfano wa tatu uliwaumiza waumini. Mwaka 2012 ilidaiwa hadharani kuwa kimepatikana kipande cha Injili ya Marko cha karne ya kwanza. Kilipochapishwa mwaka 2018, kikabainika kuwa cha mwishoni mwa karne ya pili au mwanzoni mwa ya tatu. Miaka miwili baadaye, Machi 2020, Jumba la Makumbusho ya Biblia la Washington lilitangaza kuwa vipande vyake vyote 16 vilivyonunuliwa kama sehemu ya Magombo ya Bahari ya Chumvi ni vya bandia. Magombo halisi, yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947, yanaeleza mengi kuhusu Wayahudi wa zama za Yesu, lakini hayamtaji yeye wala wafuasi wake.

Je, dini ilitungwa Nikea?

Riwaya ya Dan Brown iliyotoka mwaka 2003, na filamu yake ya mwaka 2006, ziliwafanya wengi waamini kuwa Yesu alipandishwa cheo na kuwa Mungu kwa kura ya maaskofu huko Nikea mwaka 325, chini ya shinikizo la Kaisari Konstantino.

Hapa ushahidi uko wazi. Barua ya Pliny inaonyesha kuwa Wakristo walimwimbia Kristo kama mungu zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso huo. Mwaka 2005, chini ya gereza la Megido nchini Israeli, ilipatikana sakafu ya nakshi ya karne ya tatu. Maandishi yake yanasema kuwa mwanamke aitwaye Akeptous alitoa meza kwa kumbukumbu ya Yesu Kristo, ambaye humo anaitwa Mungu. Kilichobishaniwa Nikea ni uhusiano wa Mwana na Baba, kutokana na mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria. Mtaguso haukuchagua vitabu vya Biblia pia. Orodha ya kwanza inayofahamika yenye vitabu 27 vile vile vya Agano Jipya la leo imo katika barua ya Askofu Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367.

Mabishano halisi yako mahali pengine. Wapo wanaosema, kama alivyosema hayati Larry Hurtado katika kitabu chake cha mwaka 2003, kuwa ibada kwa Yesu ilianza katika miaka michache tu baada ya kifo chake, tena miongoni mwa Wayahudi. Wengine, akiwamo Ehrman katika kitabu cha mwaka 2014, wanaona hatua kadhaa za mawazo juu ya uungu wake. Wanabishana pia ni lini hasa wafuasi wa Yesu waliacha kuwa kundi ndani ya Uyahudi na kuwa dini tofauti. Wengine hutaja kuanguka kwa Hekalu mwaka 70, wengine vita vya Bar Kokhba vya mwaka 132 hadi 135, na wengine husema mpaka haukuwa wazi kwa karne kadhaa.

Kuhusu kuenea, mwanasosholojia Rodney Stark alipiga hesabu mwaka 1996. Alichukua waumini 1,000 katika mwaka 40, akawaongeza kwa asilimia 40 kila muongo, na akapata zaidi ya milioni sita kufikia mwaka 300. Takwimu hizo ni za kukisia, na wengine wamezirekebisha. Lakini zinaonyesha kuwa ukuaji mkubwa uliwezekana hata bila upanga wa Konstantino, ambaye aliikuta dini hiyo ikiwa tayari imeenea.

Suala hili lina sura yake Afrika Mashariki, ambako baadhi ya watu husema Ukristo ni dini ya wazungu iliyoletwa na ukoloni. Ni kweli kuwa Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na wamisionari Wakatoliki wakaweka makazi Bagamoyo mwaka 1868. Lakini njia iliyoleta dini katika pwani hii si chimbuko lake. Athanasio alikuwa Mwafrika wa Misri, na katika karne hiyo hiyo ya nne Mfalme Ezana wa Aksum, katika eneo ambalo leo ni Ethiopia na Eritrea, alianza kutoa sarafu zenye msalaba. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,000 kabla ya meli za Wareno kufika Mombasa.

Mahali historia inapoishia

Linabaki swali la tatu. Mwanahistoria anaweza kusema kuwa muda mfupi baada ya kifo cha Yesu, Petro, Yakobo na Paulo waliamini kuwa wamemwona akiwa hai. Hilo limo katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, tena kama habari ambayo Paulo mwenyewe aliipokea kwa waliomtangulia. Waliona nini hasa, historia haina kipimo cha kuamua. Albert Schweitzer, aliyechapisha mwaka 1906 tathmini maarufu ya tafiti za maisha ya Yesu, alibaini kuwa wengi walioandika juu yake walimchora kwa sura yao wenyewe. Mwaka 1913 aliacha kazi ya uhadhiri na kwenda kuwa daktari Lambaréné, Gabon.

Mpaka huo huo unazihusu dini nyingine. Kwa Waislamu, Isa bin Mariamu ni nabii, na Kurani katika Sura An-Nisaa inakanusha kuwa alisulubiwa. Mwanahistoria anayetumia maandishi ya karne ya kwanza na ya pili huliona tukio la kusulubiwa kuwa miongoni mwa mambo yenye uthibitisho mkubwa zaidi katika maisha ya Yesu. Lakini kanuni zake hazimpi mamlaka ya kuupima ufunuo, uwe wa Mkristo au wa Mwislamu. Katika mihadhara ya dini inayofanyika mijini, mara nyingi pande zote husoma vipande vya Josephus au Tacitus kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Waandishi hao hawakuandika kwa ajili ya mabishano hayo.

Bila shaka ugunduzi mwingine utatangazwa. Utakapotangazwa, wasomaji wana maswali manne ya kuuliza kabla ya kushangilia au kukejeli: Kitu hicho kilichimbuliwa wapi na nani? Kabla ya hapo kilimilikiwa na nani? Tarehe yake imepatikana kwa njia gani, na ina upana wa miaka mingapi? Na hata kikiwa halisi, kinajibu swali lipi kati ya yale matatu? Hirizi ya Frankfurt inayajibu vizuri: ilichimbuliwa na wataalamu, kaburi lake linajulikana, na miaka yake imetolewa kwa upana wa 40. Kinachothibitishwa nayo ni kwamba katika karne ya tatu, kaskazini ya mbali ya Dola ya Kirumi, mtu mmoja alizikwa na jina la Yesu Kristo likiwa mwilini mwake.